Joto Tunalolijenga Wenyewe: Madirisha ya Bukavu

Saa nane mchana, mwezi wa nane. Tuko watano katika ofisi moja ya Ibanda, ghorofa ya pili, tunasubiri mhuri. Umeme umekatwa kwa delestaji tangu asubuhi, klimatizeri imenyamaza ukutani, na kila mtu anajipepea kwa farde yake. Ukuta wa mbele ni kioo kitupu, cheusi, kutoka sakafuni hadi darini. Tulitafuta pa kufungua tukakuta kipande kimoja pembeni, upana wa kitabu kilichofunuliwa, na kitasa chake kimevunjika. Nilipochungulia chini nikamwona mlinzi wa jengo amekaa chini ya mti wa avoka. Alikuwa amevaa koti.

Tangu siku ile, kila nikisikia watu wakilalamika kwamba Bukavu siku hizi ni joto, nalikumbuka koti lile. Mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta. Wastani wa mwaka ni digrii 19 au 20. Mchana wa kawaida hufika 25 au 26, na usiku hushuka hadi 14 au 15. Siku za joto hasa ni chache, nazo huja mwishoni mwa kiangazi, mvua ikiwa bado inasitasita. Sikatai kwamba dunia inazidi kupata joto, wala kwamba vilima tulivyovijua vikiwa na miti leo vimefunikwa na mapaa ya manjanja. Lakini hewa iliyomzunguka mlinzi ndiyo hiyo hiyo iliyozunguka jengo letu. Yeye alihisi baridi, sisi tulitokwa na jasho. Kama joto halikutoka hewani, basi lilitengenezwa humo humo ndani, na kiwanda chake kilikuwa lile dirisha.

Ushauri mwingi tunaousoma kuhusu madirisha na ubaridi umetoka nchi ambako hewa yenyewe ndiyo adui. Kwa mkazi wa Muscat au Dubai, mwezi wa saba, nje ni digrii 40 na zaidi. Akifungua dirisha anakaribisha tanuri. Kwake yeye kioo cha tabaka mbili, chenye hewa iliyofungiwa katikati, kinarudisha gharama yake, kwa sababu kazi yake ni kuzuia joto lisivuke kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi. Kadiri pande hizo zinavyopishana, ndivyo kinavyofaa. Sasa kilete Bukavu. Nje 26, ndani 25. Kitazuia nini? Tajiri aliyekiagiza kutoka ng'ambo, kikapita bandarini, kikabebwa siku na siku juu ya lori, amelipa fedha zote hizo kuzuia tofauti ya digrii moja. Labda kelele za pikipiki pale Nyawera zitapungua, na hilo si jambo dogo.

Jua ni habari nyingine. Mwanga wake hupita katika kioo karibu bila kizuizi, hugonga sakafu, viti na vitabu, navyo vikishapata moto hutoa joto la namna nyingine ambalo kioo hakiliruhusu kutoka kirahisi. Tuhesabu kidogo. Chukua dirisha la mita 1.2 kwa mita 1.5 linaloelekea magharibi, saa kumi alasiri, anga likiwa jeupe. Kila mita ya mraba ya ukuta huo inaweza kupigwa na wati 600 za jua. Kioo cheupe cha kawaida hupitisha zaidi ya asilimia 80. Dirisha hilo moja linaingiza chumbani kama wati 860, na pasi ya umeme ya nyumbani ni wati 1,000 hivi. Ni sawa na kuwasha pasi katikati ya sebule, kuiacha pale mpaka jua lizame, kisha kuuliza kwa nini watoto wanalala vibaya.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kioo cheusi. Kioo hicho hunyonya sehemu ya jua, kweli, lakini kikishanyonya kinapata moto chenyewe na kuutema pande zote mbili, nje na ndani. Ukijumlisha, bado kama asilimia 60 ya joto la jua huishia chumbani. Umepunguza robo ya mzigo, na kwa hiyo robo umetoa karibu nusu ya mwanga. Chumba kinakuwa giza saa nne asubuhi, taa inawashwa, na taa hiyo inategemea mabwawa ya Ruzizi: la kwanza la mwaka 1958, la pili la mwaka 1989 ambalo umeme wake tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji unaopewa umeme kwa zamu unajifungia mwanga wa bure. Wanaopenda kioo hicho huniambia kinawafichia mambo ya ndani, na sina ubishi nao. Ila usiku taa ikiwaka, wao ndio wanaoonekana na aliye nje haonekani.

Rido nayo? Rido hukinga macho, na hukinga ngozi ya aliyekaa karibu. Joto limeshavuka kioo kabla ya kuifikia; ni kama kumzuia mwizi akiwa tayari jikoni. Kivuli kinachofaa ni kile kinachosimama nje ya kioo: paa lililotokeza, ubao, mti, barza.

Na kivuli kina hesabu yake, ambayo kwa bahati yetu ni rahisi kuliko ya miji mingi duniani. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua la adhuhuri linapita juu sana mwaka mzima. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba linapita utosini kabisa. Mwezi wa sita liko upande wa kaskazini, digrii 64 kutoka upeo wa macho. Mwezi wa kumi na mbili liko kusini, digrii 69. Paa likitokeza sentimita 60 tu, adhuhuri ya Juni linatia kivuli chenye urefu wa mita 1.2 kwenye ukuta wa kaskazini: dirisha zima. Senti hizo hizo 60 kwenye ukuta wa magharibi, saa kumi, jua likiwa limeshuka hadi digrii 30, zinafunika senti 35 tu. Iliyobaki inapigwa. Ndiyo maana chumba cha magharibi hakiokolewi na paa, hata lirefushwe namna gani. Kinaokolewa na mti, na ubao wa kufunga kwa nje, au na uamuzi wa kutoweka dirisha kubwa hapo tangu mwanzo.

Ziwa liko upande gani? Kaskazini na mashariki. Kivu inatuzunguka kwa zile rasi zetu zilizoingia majini kama vidole vya mkono, na kila mwenye parsele Muhumba au Nguba anataka dirisha linalotazama maji. Kwa kawaida tamaa na akili hugombana, lakini hapa zimepatana. Mchana ardhi ikipata moto, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, hushuka kutoka vilimani kwenda ziwani. Dirisha kubwa la kaskazini lenye paa lililotokeza linapata mandhari, linapata upepo, na halipati jua. Tatizo ni wale waliojenga upande wa magharibi wa rasi: ghuba yao inang'aa alasiri, na jua wanalipata mara mbili, moja kutoka mbinguni na lingine kutoka majini.

Waliojenga Costermansville, jina ambalo mji huu ulibeba hadi miaka ya 1950, walijua mambo haya au angalau waliyafuata. Tembea Avenue Lumumba asubuhi ukitazama juu ya mabango ya simu na benki. Majengo ya Art Deco yana pembe za mviringo ambazo watalii huzipiga picha. Mimi hutazama vile vibapa vya zege vilivyotokeza juu ya kila safu ya madirisha kama ukope juu ya jicho. Nyumba za zamani zina barza ndefu, na nyuma ya barza mlango wa vioo na mbao, na juu ya mlango tundu la hewa lenye wavu. Zipo bado nyingine zenye persiani, zile mbao nyembamba zilizolala upande zinazoruhusu upepo na kukataza jua. Sizisifu kwa kumbukumbu tamu. Mji ule ulipangwa kwa ajili ya walowezi waliofuata baridi ya milima, na mtu wa Kadutu aliingia humo kufanya kazi na kutoka jioni. Hata Bagira, iliyojengwa miaka ya 1950 na ofisi ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia nyumba za Waafrika, ilipewa nyumba ndogo zisizo na anasa. Lakini tofali la Bagira ni zito, na nafasi kati ya nyumba na nyumba ilitosha upepo kupita. Leo kila mwanya umejaa kijumba cha kupangisha.

Sasa tuje kwa aluminiamu. Kama ningeruhusiwa kulaumu kitu kimoja tu katika ujenzi wa miaka hii ningelaumu dirisha la kuteleza. Ni zuri, haliozi kwa mvua, fundi anayeliunganisha yuko kila mtaa. Lakini lina vipande viwili vinavyopishana katika reli, na hapo hapo ndipo hesabu inapokufa: ukilifungua lote, umefungua nusu. Umelipia mita mbili za mraba za dirisha, umepata mita moja ya hewa. Dirisha la zamani la mabawa mawili, linalofunguka kwa nje, linakupa uwazi wake wote. Vile vioo vya vipande vinavyopangana kama magamba ya samaki, ambavyo vijana siku hizi huvicheka kwamba ni vya shule na zahanati, vinakupa karibu wote pia, tena unaviinamisha mvua isiingie huku hewa ikiendelea. Mtu akiniuliza aweke nini, namwambia aweke hivyo vinavyochekwa.

Hewa nayo haiingii mahali isipopata pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja upande mmoja hupumua kwa shida. Wahandisi hukadiria kwamba upepo unaingia hadi mara mbili au mbili na nusu ya urefu wa chumba kwenda juu, basi. Kikiwa na madirisha pande mbili zinazotazamana, hufika mara tano. Ndiyo maana nyumba zetu za sebule kubwa katikati na vyumba vimeizunguka zina joto: kila chumba kina dirisha lake, mlango wake umefungwa, na upepo unaishia kwenye rido. Tundu juu ya mlango wa ndani, kama walivyofanya wazee, lingefungua njia bila mtu kuona kitanda cha mwenzake. Na hewa ya moto hupanda. Tundu lililo juu, karibu na plafon, huitoa; dirisha lililo chini huivuta ile baridi iingie. Hata siku isiyo na upepo, tofauti ya kimo peke yake inasukuma.

Nimesema plafon. Haki lazima itendeke: katika nyumba nyingi za Bukavu dirisha linasingiziwa makosa ya paa. Bati tupu, saa saba mchana, huwa jiko lililogeuzwa chini juu, na linawamwagia joto walio chini yake hata madirisha yote yakiwa wazi. Tripleksi iliyopigiliwa chini ya bati, na nafasi ya hewa kati yake yenye matundu pembeni, inapunguza zaidi kuliko kioo chochote cha gharama. Mwenye fedha kidogo aanzie juu.

Kuna wakati ambapo mji huu unatupa ubaridi wa bure na sisi tunaukataa: usiku. Digrii 14 nje, kuta za tofali au za mawe zimebeba joto la mchana kutwa. Dirisha likiwa wazi hadi alfajiri, kuta hizo zinapoa, na kesho yake zinanyonya joto la asubuhi kabla ya mtu kulihisi. Jengo zito lililopoa usiku linaweza kufika saa tisa bila kelele. Lakini nani Bukavu anaacha dirisha wazi usiku? Wezi wenye silaha wametufundisha kufunga hata mchana. Mbu wapo. Bibi atakuambia upepo wa usiku unaingia kifuani mwa mtoto, na bibi habishiwi. Kwa hiyo kila mtu anajifungia saa moja jioni pamoja na joto lake lote.

Jibu la hofu hizi liko katika umbo la dirisha zaidi ya ujasiri wa mtu. Matundu marefu na membamba, yaliyowekwa juu kuliko mkono wa mtu, yenye nondo za antivole na wavu wa mbu, hayampitishi mwizi wala hayapulizi juu ya kitanda. Wavu hupunguza upepo kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo tundu lifanywe kubwa kuliko lingekuwa bila wavu. Tena matundu hayo yangefanya kazi nyingine nzito zaidi. Wengi wetu tunapika kwa makala, na usiku wa baridi wa kiangazi wapo wanaoingiza jiko la mbabula chumbani ili wapate joto. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haionekani, haina harufu ya kukuamsha. Chumba kilichozibwa vizuri, chenye dirisha la kisasa lisilopitisha hata uzi, kinakuwa hatari kuliko kibanda cha mbao chenye nyufa.

Vibanda vya mbao, basi. Kadutu inaning'inia mlimani, nyumba juu ya nyumba, na dirisha la mmoja linatazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Huko maneno yangu yote kuhusu kaskazini na magharibi yanakuwa utani. Jua lenyewe haliingii kwa dirisha. Linaingia kwa bati. Upepo hauna kichochoro. Katika nyumba ya namna hiyo uwazi wa maana ni ule ulio kati ya kilele cha ukuta na paa, ambao mafundi huacha kwa bahati na wapangaji huuziba kwa magunia kwa ajili ya vumbi na panya. Ukizibwa kwa wavu mzito badala ya gunia, nyumba inapumua. Zaidi ya hapo ni suala la mitaa, njia na msongamano, na hakuna dirisha litakalolitatua. Moto unapozuka huko na kula nyumba kumi kwa saa moja, unapita pale pale ambapo upepo unakosa njia.

Kwa majengo ya watu wengi hesabu inageuka. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la kama wati 70, bila kuhesabu jasho. Kanisa la watu 200 linabeba wati 14,000 kabla ya kwaya kusimama, na jua la dirishani linakuwa kitu kidogo. Ili hewa ya humo isizidi ya nje kwa digrii tatu, inabidi ipite karibu mita za ujazo tano kila sekunde. Upepo mwanana wa nusu mita kwa sekunde unahitaji uwazi wa mita za mraba tisa au kumi upande wa kuingilia, na kiasi hicho hicho upande wa kutokea. Nenda Jumapili ukahesabu mita hizo katika kumbi zetu mpya. Utakuta vioo vya rangi ambavyo havijawahi kufunguliwa, na akina mama wenye leso.

Ng'ambo ya Ruzizi ipo hospitali ambayo kila mwenye nia ya kujenga zahanati angeitembelea. Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Walioichora ni wasanifu wa MASS Design Group. Wodi zake zina dari refu, madirisha makubwa pande zote mbili na feni pana zinazozunguka polepole. Shabaha ya kwanza ilikuwa kifua kikuu: hewa chafu ipande, itoke, isiingie kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Ubaridi ulikuja kama nyongeza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo juu ya hewa ya asili hospitalini kwa sababu hiyo hiyo, na kwa nchi ambazo umeme wake unakatika, dirisha lina sifa moja ambayo mashine haina: linafanya kazi usiku wa delestaji.

Lakini mtu asisome haya akaenda kubomoa ukuta. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitupiga asubuhi, na Bukavu na Cyangugu ng'ambo ya Ruzizi zikapoteza watu na kuta. Sisi tunaishi juu ya ufa. Kila dirisha ni tundu katika kitu kinachobeba paa: liwekwe mbali na kona ya nyumba, kati ya dirisha na dirisha ibaki nguzo ya ukuta ya kutosha, na juu yake upite mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima. Anayetaka uwazi mkubwa ajenge nguzo na boriti kwanza.

Na anayejenga Uvira asinifuate kila neno. Kule chini, kwenye mita 770 hivi kando ya Tanganyika, mchana ni moto kweli na usiku haupoi vya kutosha kuzipoza kuta nzito. Huko kivuli na upepo wa moja kwa moja kwenye ngozi ndiyo dawa, na vantilateri si anasa. Kati ya miji hiyo miwili kuna safari ya nusu siku, lakini ramani za nyumba zinazouzwa ni zile zile.

Nani angezibadilisha? Sheria yetu ya msingi ya mipango miji ni amri ya tarehe 20 Juni 1957, iliyotutangulia sisi na uhuru wetu. Rwanda mwaka 2019 iliingiza masharti ya chini ya majengo ya kijani katika kanuni zake. Kwetu anayeamua dirisha ni watu wawili, mwenye parsele na fundi wa aluminiamu, mbele ya simu yenye picha.

Mwezi uliopita nilimkuta fundi mmoja Nguba akibomoa madirisha ya nyumba ya zamani. Alikuwa akizitoa persiani moja moja, mbao ngumu, bawaba bado zinacheza. Nikamuuliza zinakwenda wapi. "Kuni, papa," akasema, "au banda la kuku, mwenye nyumba hajaamua." Pembeni ya barza, bado katika karatasi zao, vilikuwa vimeegemezwa vioo vyeusi. Alikuwa amevipima kwa ajili ya upande wa magharibi.